Besi ya Kijapani ya Miaka ya 70 na 80: Namna ya Kuifufua, Ukianza na Shingo

Karibu kila wiki napata ujumbe unaofanana. Mtu amenunua besi ya zamani ya Kijapani, Greco, Ibanez au Yamaha. Imefika salama, kaifunga nyuzi mpya, na inakwaruza kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Akapandisha daraja, kile kipande cha chuma mwilini kinachoshikilia nyuzi, nazo zikawa juu mno kuchezeka. Akakaza chuma cha shingo, kile kinachopita ndani yake kuinyoosha, kikagoma, akakaza zaidi. Ananiandikia wakati chuma kimeshakatika.

Kosa si ukosefu wa ufundi. Kazi imeanzia mwisho. Daraja ni la mwisho kabisa kuguswa, shingo ni ya kwanza, na kila hatua katikati inategemea iliyotangulia.

Mwongozo huu ni wa besi za nyuzi nne zisizotumia betri, ambazo shingo imefungwa kwa skrubu. Kama yako ina shingo iliyopita mwili mzima, fuata yote isipokuwa hatua ya 5.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua kitu

- Bisibisi ya msalaba ya kipimo cha JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), namba 1 na 2. Skrubu za Kijapani za enzi hizo si Phillips. Bisibisi ya kawaida inaingia lakini haifiki chini, ukizungusha inaruka na kichwa cha skrubu kinaliwa. Muulize fundi pikipiki anayefungua kabureta za Honda za zamani, analijua tatizo hili na huenda bisibisi anayo.
- Funguo za Allen na spana za boksi za milimita. Za inchi hukaribia kuenea, na huko kukaribia ndiko kunakokula pembe za nati.
- Fila geji ya makenika, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ukiikosa, chukua uzi mwembamba wa gitaa kavu wa kipimo cha 12. Unene wake ni milimita 0.30, na ndicho kipimo tunachokitafuta.
- Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita.
- Kityuna, cha kubana kichwani au cha kwenye simu.
- Maltimita, pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, na lehemu.
- Dawa ya kusafishia kontakti inayouzwa na maduka ya vifaa vya umeme. WD-40 haifanyi kazi yake, inaacha mafuta yanayonasa vumbi ndani ya poti, vile vizungusho vya sauti.
- Petroli ya laita, kitambaa cha pamba, mswaki uliochakaa.
- Seti mpya ya nyuzi, unene wa 45 hadi 105.
- Bahasha ndogo na kalamu. Kila kundi la skrubu na bahasha yake.

Thina usiilete hata kwenye meza moja na gitaa.

## Hatua ya 1: Soma tangazo kabla hujalipa

Besi nyingi huuzwa kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, kwenye matawi ya Hard Off, maduka ya vitu vilivyotumika, na kwenye maduka ya ala ya mtaa wa Ochanomizu mjini Tokyo. Wauzaji wa Japani huwa wakweli sana kuhusu kasoro, ila huziandika kwa maneno yao, na programu ya kutafsiri huyavuruga. Yajue haya:

- Janku: linauzwa kama lilivyo, hakuna kurudisha. Si lazima liwe limekufa. Mara nyingi duka halikuwa na muda wa kulijaribu.
- Junzori: shingo imeinama kuelekea nyuzi. Hii hurekebishika.
- Gyakuzori: shingo imepinda kinyumenyume. Hurekebishika kama chuma bado kina nafasi ya kulegezwa.
- Nejire: shingo imesokotoka. Liache, hata kama bei inakuita.
- Gari: poti zinakwaruza ukizizungusha. Dakika kumi za kazi.
- Sabi: kutu. Dakon: alama za kugongwa.
- Nokori 7 wari, likitajwa kwenye freti: zimebaki asilimia 70. Chini ya 5 wari, weka akiba ya kubadilisha freti zote.

Omba picha nne: shingo ikitazamwa kutoka kichwani kwenda chini, freti tano za kwanza kwa karibu, daraja kwa ubavu, na ndani ya chumba cha umeme. Picha ya daraja watu huisahau, nami ndiyo naitazama kwanza. Vile vipande vinne ambavyo nyuzi hukalia, nitaviita vikalio, vikiwa vimeshushwa hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, ujue tatizo ni shingo.

Kuhusu umri: Ibanez nyingi za kati ya 1975 na 1987 zina namba yenye herufi moja ya mwezi, tarakimu mbili za mwaka, kisha tarakimu nne. F78 ni Juni 1978. Fender na Squier (chapa ndogo ya Fender) za Japani zenye namba zinazoanza na JV ni za 1982 hadi 1984. Lililoandikwa "Crafted in Japan" si la enzi hizo, maandishi hayo yalianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 90.

Jambo la forodha linalowatisha wengi bure: ubao wa freti wa rosewood ni jamii ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Kati ya 2017 na 2019 ala zenye mbao hizo ziliingia kwenye masharti ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu mwisho wa 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zenye rosewood ya Brazili.

Mwambie muuzaji alegeze nyuzi kabla ya kufunga mzigo, asizitoe.

## Hatua ya 2: Liache siku tatu

Gitaa limetoka Tokyo, ambako majira ya baridi hewa ni kavu, limekuja Tanga au Mombasa ambako hewa unaweza kuikamua. Mbao zitacheza. Ukipima siku ya kwanza unapima safari, hujapima gitaa.

Litoe kwenye kesi, lityuni kwa nyuzi hizohizo lililokuja nazo, liweke ndani mbali na jua na feni. Siku hizo tatu zitumie kupiga picha kila upande, hasa jinsi nyaya zilivyolehemiwa. Usisafishe kitu bado.

Umefaulu ikiwa: linashikilia tyuni kutoka asubuhi hadi jioni, au angalau halishuki zaidi ya nusu noti.

## Hatua ya 3: Shingo

Hapa ndipo gitaa linapopona au kufa, kwa hiyo soma hatua yote kabla ya kushika spana.

Tazama msokoto. Shika gitaa kama bunduki, jicho kwenye kichwa, uangalie kuelekea daraja. Mstari wa freti ya kwanza na wa freti ya mwisho lazima ulale sambamba. Kama mmoja umeinuka upande, shingo imesokotoka na chuma hakitaisaidia.

Pima upinde. Shingo ya besi haitakiwi kunyooka kama rula. Uzi unapotetemeka unachora tumbo, na tumbo hilo linahitaji nafasi. Lityuni sawasawa. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na freti ya 17 kwa mkono mwingine. Mtu wa pili apitishe fila geji kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8.

- Milimita 0.3 hadi 0.4: shingo iko sawa, usiiguse. Nenda hatua ya 4.
- Zaidi ya 0.5: imeinama mbele, chuma kikazwe.
- Uzi umelala juu ya freti, hakuna nafasi: imepinda nyuma, chuma kilegezwe. Wenye shingo ya namna hii ndio wanaolalamika kukwaruza freti za mwanzo, na wengi wao hukaza badala ya kulegeza.

Tafuta nati ya chuma cha shingo. Kwenye Ibanez na Greco nyingi iko kichwani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kwenye zilizoigwa mtindo wa zamani wa Fender iko kisiginoni, chini ya shingo, na utalazimika kufungua shingo kila unaporekebisha. Jaribu spana kadhaa za milimita hadi upate inayoingia bila kucheza. Ikicheza hata kidogo, si yenyewe.

Geuza. Legeza nyuzi kwanza. Hata kama unataka kukaza, anza kwa kulegeza nati robo mzunguko. Kuna sababu mbili: unajua kama inageuka kweli au imegandishwa na kutu, na unapata nafasi ya kudondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno yake ya skrubu. Kisha kaza kwa mwelekeo wa saa, robo mzunguko, basi. Tyuni tena, pima, liache lilale usiku mmoja, pima tena asubuhi.

Onyo. Ukifika nusu mzunguko na kipimo hakijabadilika, au mkono unaanza kutetemeka kwa nguvu, acha. Besi yangu ya kwanza ya Kijapani niliikatia chuma hapo. Nilisikia mlio mdogo kama kijiti kikavu kinavunjika, nati ikalegea mkononi mwangu, na shingo ya mwaka 1979 haikuwa na kazi tena.

Nati inapogoma baada ya miaka arobaini, mara nyingi chuma ni kizima, ila nati imefika mwisho wa meno ya skrubu. Itoe kabisa, weka washa moja au mbili nyembamba, irudishe. Kama bado ni ngumu, usiitumie nati kuinyoosha shingo. Inyooshe kwa kubana: laza shingo kwenye ubao ulionyooka, weka vipande viwili vya mbao laini miisho yote, ibane katikati taratibu hadi ikae sawa, halafu ndipo uifuate kwa nati hadi ishike. Hapo nati inashikilia tu, kazi nzito imefanywa na kibano.

Umefaulu ikiwa: siku mbili mfululizo unapata kipimo kilekile kati ya 0.3 na 0.4.

## Hatua ya 4: Freti

Sasa shingo imetulia, freti zinaweza kusema ukweli. Kabla ya hapo zilikuwa zinasingiziwa.

Chukua kadi ya benki. Isimamishe kwa upande wake mrefu juu ya freti tatu zinazofuatana, kuanzia ya 2. Kadi ikiyumba, freti ya katikati imeinuka. Huku juu zinakobanana utahitaji kitu kifupi zaidi, hata kipande cha kadi ya zamani.

Freti iliyoinuka kwa kawaida imetoka kwenye mfereji wake. Igonge polepole kwa nyundo ya plastiki, au ya kawaida juu ya kipande cha mbao. Ikirudi chini na kuinuka tena, dondosha gundi nyembamba ya papo hapo pembeni, ibane kwa dakika tano. Funika ubao kwa tepu ya karatasi kwanza, kwa sababu tone la gundi hiyo kwenye ubao mkavu halitoki.

Kupiga tupa freti zote ni kazi nyingine kabisa, na kwa gitaa la thamani mpe fundi aliyewahi kuifanya. Tupa hairudishi chuma ilichokula.

## Hatua ya 5: Pembe ya shingo

Ruka hatua hii kama vikalio vya daraja bado vina nafasi ya kushuka.

Kama vimefika chini na uzi wa E bado uko zaidi ya milimita 3 juu ya freti ya 12, shingo imekaa kwa pembe mbaya kwenye tundu lake. Jaribu kwanza kitu chepesi: nyuzi zikiwa zimekazwa, legeza skrubu nne za shingo nusu mzunguko, usikie mlio wa shingo ikikaa, kaza tena kwa mshazari. Mara nyingine hiyo inatosha.

Isipotosha, fungua shingo na uweke ukanda mwembamba wa mbao, nusu milimita, kwenye sakafu ya tundu, upande ulio karibu na daraja. Shingo itaegemea nyuma na nyuzi zitashuka. Usitumie karatasi ya msasa wala kadibodi laini, hubonyea na pembe hubadilika kila mwezi. Ukikuta kipande cha zamani kilichowekwa kiwandani, kiweke kwenye bahasha yake, ni sehemu ya gitaa.

Matundu ya skrubu yaliyopanuka yazibe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao. Subiri siku nzima.

## Hatua ya 6: Kizingiti cha nyuzi

Kizingiti ni kile kipande cheupe ambacho nyuzi hupita zikitoka kichwani. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Panatakiwa nafasi ndogo, milimita 0.2 hivi, inayoonekana uzi unapogongwa kwa kidole. Ikiwa hakuna nafasi, mfereji umelika, na uzi mtupu utakwaruza hata ukirekebisha vitu vyote vingine.

Kizingiti kipya kinachongwa kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe, na mfupa kwa muuza nyama ni bei ya kuomba. Uchemshe kwa sabuni hadi mafuta yatoke, uanike kivulini wiki mbili, kisha ukate. Pima cha zamani kwa makini, maana upana wa Kijapani si lazima ulingane na vizingiti vya kununua.

## Hatua ya 7: Usafi

Nyuzi zikiwa zimetolewa, futa mwili kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, halafu kikavu. Uchafu wa mikono unaong'ang'ania hutolewa na petroli ya laita, dirisha likiwa wazi na pasi ya kulehemu ikiwa imezimwa. Rangi nyingi za Kijapani za wakati ule ni za poliesta au poliyurethani, nene na ngumu. Kuzikwangua ili kupaka upya ni kutupa nusu ya thamani ya gitaa. Mikwaruzo ya miaka arobaini iache.

Ubao wa rosewood uliokauka unataka matone machache ya mafuta meupe ya madini, yafutwe baada ya dakika tano. Mafuta ya nazi na ya kupikia huoza ndani ya mbao na kunuka. Ubao wa maple uliopakwa vanishi hauhitaji mafuta yoyote.

Skrubu za vikalio zilizoshikwa na kutu: toa daraja lote, liloweke kwenye mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, sugua kwa mswaki. Usitumie waya wa kusugulia sufuria karibu na gitaa, vumbi lake la chuma hukimbilia sumaku za pikapu, vile visanduku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, na halitoki tena.

## Hatua ya 8: Umeme

Gitaa bubu si gitaa bovu. Anza na tundu la jeki, ndilo hulegea kuliko vyote. Likaze, safisha ulimi wake, jaribu.

Kisha nyunyiza dawa ya kontakti ndani ya kila poti kupitia upenyo wa mgongoni, izungushe mara thelathini toka mwisho hadi mwisho. Zile "gari" za kwenye tangazo kwa kawaida huisha hapa.

Bado bubu? Weka maltimita kwenye kilo-omu na upime nyaya mbili za pikapu zikiwa zimetolewa kwenye poti. Pikapu ya aina ya Jazz husoma takribani 7 hadi 8, ya aina ya Precision takribani 10 hadi 11. Ikisoma mstari wazi, koili imekatika. Usiitupe, koili husokotwa upya na sumaku zake za asili zikabaki.

Kama linavuma mfululizo na kugusa nyuzi hakubadilishi kitu, waya wa ethi unaopita chini ya daraja umekatika. Pima kati ya daraja na ganda la jeki, inatakiwa karibu sifuri.

Ukilazimika kubadilisha poti, nunua ya milimita yenye mhimili wa milimita 6, na ya kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja. Poti za Marekani zinahitaji tundu la milimita 9.5, na watu huchukua drili. Tundu lililopanuliwa halirudi, wala vitufe vya asili havitakaa: mhimili wa Kijapani una meno 18, wa Kimarekani 24. Chochote unachotoa, hata kapasita iliyokufa, kiweke kwenye bahasha ndani ya kesi.

Onyo. Ukinunua amplifaya pamoja na besi, kumbuka ya Japani ni ya volti 100. Ichomeke moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 nayo itaungua. Na usijaribu besi kwa amplifaya iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi huku mdomo uko karibu na maikrofoni.

## Hatua ya 9: Daraja, mwisho kabisa

Funga nyuzi mpya, tyuni, pima upinde tena. Nyuzi mpya zenye mvuto tofauti zinaweza kudai robo mzunguko.

Sasa shusha vikalio hadi upate takribani milimita 2.5 chini ya uzi wa E na 2 chini ya G, kwenye freti ya 12. Piga kila noti ya kila uzi. Ikikwaruza sehemu moja tu, rudi hatua ya 4. Ikikwaruza kote, pandisha kidogo.

Kisha urefu wa nyuzi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 upate ile sauti nyembamba ya kengele, halafu ubonyeze freti hiyohiyo, ulinganishe kwa kityuna. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kikalio mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze karibu. Hii haiwezekani kwa nyuzi zilizochakaa, usijaribu.

Pikapu ziweke milimita 2.5 hadi 3 chini ya nyuzi, ukiwa umebonyeza freti ya mwisho. Zikiwa juu mno sumaku huvuta uzi wa E nao unasikika kama umelewa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kupiga mstari wa besi wa rumba polepole, kidole chepesi, toka freti ya 1 hadi ya 12, na kila noti ina urefu uleule.

Ukikaa pwani, futa nyuzi kila unapomaliza kupiga, chumvi ya hewani na jasho hula vikalio kuliko kupiga kwenyewe. Weka vifuko vya silika ndani ya kesi. Masika yakianza toa fila geji urudi hatua ya 3, na vipimo uviandike nyuma ya bahasha ya skrubu, tarehe kando yake.